Mlingoti wa Isindu

Mtego wa kware huanza kwa kutazama juu. Kware mwenyewe ni ndege wa chini: hulala chini, hutaga chini, hula chini, na akihisi hatari huona heri kujibanza kwenye nyasi kuliko kuruka. Lakini mtegaji wa Khayega anayeijua kazi yake hatandazi kitu chochote ardhini kabla hajasimamisha mlingoti. Ni mti mmoja mnyoofu, mrefu kupita paa la nyumba, na kutoka kileleni kushuka chini umening'inizwa matundu ya kusuka, moja chini ya jingine, kila tundu na kware wake. Hao ndio waitaji. Kazi yao ni kuita. Kware wa porini wanaosafiri usiku husikia sauti za wenzao zikitoka gizani, hudhani kwamba mahali hapo pana nyasi, pana chakula na pana usalama, nao hushuka.

Mlingoti wa namna hii ulikuwa wa kawaida Magharibi mwa Kenya yote, kwa Waluhya na kwa Wajaluo. Sisi Waisukha ndege huyu tunamwita isindu, majirani zetu Wajaluo wanamwita aluru, na mlingoti wake ulionekana Siaya na Busia kama ulivyoonekana Kakamega. Siku hizi ukishuka Khayega, pale njia ya Shinyalu inapochepuka kutoka barabara ya Kakamega–Kisumu, utaona maduka, bodaboda, miwa na migomba, na huenda usiuone mlingoti hata mmoja. Ndiyo maana nataka kuueleza polepole, jinsi ninavyouona kwa khotsa wangu, yaani mjomba, ndugu yake mama, ambaye bado anausimamisha kila msimu wa mvua za masika.

Tuanze na ndege. Uzito wake haufiki gramu 100. Dume mzima anaenea kwenye kiganja na bado vidole vinafumba. Koo lake ni jeupe lenye michirizi myeusi, kifua ni cheusi, na mbavu zina rangi ya kahawia iliyokolea. Jike ni wa rangi ya nyasi kavu, na akitulia humwoni hata ukiwa hatua mbili. Wanasayansi wanamwita Coturnix delegorguei, jina la Adulphe Delegorgue, Mfaransa aliyewinda na kukusanya ndege kusini mwa Afrika mwishoni mwa miaka ya 1830 na mwanzoni mwa miaka ya 1840. Kware huyu hana makao ya kudumu. Anahama ndani ya Afrika hii hii akifuata mvua, kwa sababu mvua ndiyo inayoleta nyasi mpya, mbegu na wadudu. Kuna miaka anafika kwa wingi wa kushangaza, na kuna miaka hapiti kabisa. Safari zake ni za usiku.

Hapo ndipo hekima ya mlingoti ilipo. "Huwezi kumfuata isindu," khotsa huniambia. "Utamfuata wapi, na yeye mwenyewe anaifuata mvua? Wewe kaa. Mwite." Mwindaji wa swala husoma nyayo, mvuvi husoma maji. Mtegaji wa kware hana cha kusoma, maana ndege wake yuko juu gizani na hajui kama atashuka hapa au kule Butere. Anachoweza ni kuifanya sehemu moja ya ardhi, kipande kidogo tu cha mteremko, isikike vizuri kuliko sehemu nyingine zote zilizo chini ya njia ya ndege huyo.

Kwa hiyo kila kitu kinategemea mwitaji, na mwitaji hapatikani kwa kumtia kware yeyote ndani ya tundu. Lazima awe dume, na lazima awe peke yake. Dume aliyekwisha kupata jike hupunguza kuita, wakati mwingine hunyamaza kabisa; hana tena sababu. Ukimtia jike kwenye tundu lake kwa kumwonea huruma, umepoteza mwitaji. Hata tundu la jike likiwa karibu mno, pale wanapoonana, sauti hupungua. Khotsa huwaweka majike wake upande wa pili wa nyumba, ng'ambo ya jiko, mbali na macho ya madume.

Tena kuna kuita na kuna kupiga kelele. Kware aliyeogopa ana sauti yake, kali na ya haraka, na kware wengine wanaielewa vizuri sana: inawaambia waondoke. Mwitaji mwenye hofu, aliyewekwa juu ya mlingoti kabla hajazoea, huwafukuza ndege usiku kucha, na mwenye mtego huamka asubuhi akalaumu mvua. Ndege mwenye njaa hunyamaza. Mwenye kiu hunyamaza. Aliyelowa hunyamaza. Anayeita kwa ule mdundo mzuri wa kurudiarudia, mlio mmoja, kisha miwili ya haraka, kisha kimya kidogo, ni yule tu aliyeshiba, aliye mkavu na asiyeona cha kumtisha. Mimi naliona hili kuwa ndilo jambo kubwa kuliko yote katika ufundi huu. Sauti inayowashawishi ndege wa angani kwamba hapa pana amani haiwezi kughushiwa. Ili itoke, lazima kwanza amani iwepo ndani ya tundu. Mtegaji anataka kudanganya, na njia pekee aliyonayo ya kudanganya ni kumtunza ndege mmoja kwa ukweli, siku baada ya siku, miezi kabla ya msimu.

Kumtunza kwenyewe kuna utaratibu wake. Ndege mpya hufunikwa kitambaa chepesi siku za mwanzo, apate mwanga kidogo na asione watu wakipita. Chakula ni wimbi, na kumbikumbi wanapotoka baada ya mvua hupewa wakiwa hai, mabawa yamenyofolewa. Hupewa majani mabichi yaliyokatwakatwa, na kisahani cha mchanga mkavu, kwa sababu kware huoga vumbi na asipooga manyoya yake huchakaa. Maji zamani yaliwekwa kwenye kombe la konokono lililofungwa ubavuni mwa tundu. Sasa ni kifuniko cha chupa. Khotsa huwapelekea chakula yeye mwenyewe, saa ile ile, akiwa amevaa koti lile lile la kijivu, na akikaribia huanza kunong'ona kutoka mbali ili wasishtuke. Wajukuu wake wakimwona na koti hilo hawapigi mbio uani.

Kisha huja kuchagua. Khotsa huwapima waitaji wake kwa sikio tu. Huamka kabla ya alfajiri, huenda nyuma ya nyumba na kukaa juu ya kigogo, ameyapa matundu mgongo. Hataki kuwaona, maana anasema jicho humpendelea ndege mwenye rangi nzuri. Anayemtafuta kwanza ni mwanzilishi, yule anayethubutu kuita kukiwa bado giza, bila kungoja mwenzake. Ndege wa namna hii ni wachache. Wengine wote ni waitikiaji: wana sauti nzuri, pengine nzuri zaidi, lakini hawafungui kinywa mpaka mmoja aanze. Mlingoti usio na mwanzilishi huchelewa kuamka, na ndege wa usiku hutua kwingine wakati huo wa kuchelewa. Mlingoti wenye waanzilishi wawili nao una taabu zake, kwa sababu wanashindana, na ushindani ukizidi sauti hugeuka kuwa ya ugomvi. Kwa hiyo mwanzilishi mmoja hukaa kileleni, na chini yake waitikiaji hupangwa kwa namna ambayo khotsa hawezi kuieleza kwa maneno. Husogeza tundu, hungoja asubuhi, husikiliza, husogeza tena.

Sasa tundu lenyewe. Nimekaa naye akilisuka, na ningependa msomaji alione. Umbo lake ni la chungu cha Ilesi kilichofunikwa kifudifudi: kitako kipana, ubavu unaopanda kwa kujikunja, juu pembamba. Kitako huanzia kwenye fito moja nene, inayopitishwa juu ya moto mdogo mpaka iwe laini, ikakunjwa duara na kufungwa. Vijiti vya ubavu huchanwa kutoka kwenye matete, huparwa kwa kisu kidogo mpaka viwe na unene mmoja, kisha hulazwa ndani ya maji usiku mzima. Kijiti kikavu hukatika kikikunjwa. Kilicholowa kupita kiasi hukauka baadaye kikalegea, na tundu zima likapinda. Khotsa hukipima kwa kukizungushia kidole cha shahada: kikizunguka bila kulia, kiko tayari.

Nafasi kati ya kijiti na kijiti ndiyo inayonishangaza. Ikiwa pana, kware huchomoa kichwa na akashindwa kukirudisha. Ikiwa nyembamba mno, sauti hubanwa na hewa haipiti, na tundu lenye joto humchosha ndege. Kipimo ni kidole chake kidogo, nacho kila mahali hupita kwa kugusa pande zote mbili. Kufunga ni kwa uzi wa katani uliosokotwa pajani, na kila fundo, bila kuacha hata moja, limekaa upande wa nje. Niliuliza kwa nini, maana kwa ndani lingefichika na tundu lingependeza. Akanionyesha mguu wa mwitaji mmoja, vidole vyembamba visivyotulia, kucha ndogo zinazoparura kila kitu. Fundo la ndani hunasa ukucha, ndege huvuta, mguu huumia, na mwitaji mwenye mguu mbovu haiti.

Juu ya tundu hakuna kijiti. Hili hulioni mpaka uingize mkono. Kware akishtuka haendi kushoto wala kulia. Hufyatuka wima kwa nguvu zake zote, na hiyo ndiyo tabia inayomwokoa porini mbweha akimkanyagia karibu. Ndani ya tundu tabia hiyo humuua, maana kichwa hugonga dari. Kwa hiyo dari ya khotsa ni wavu mlegevu wa nyuzi za mgomba, unaobonyea ukiugusa na kurudi polepole. Nyuzi hizo hubadilishwa kila msimu kwa sababu zikizeeka hukakamaa. Mlango uko ubavuni, mdogo wa kupitisha mkono mpaka kwenye kifundo tu, na hufungwa kwa kipande cha kijiti kinachoingia kati ya vitanzi viwili. Sikuona msumari wala waya popote. Tundu zima, pamoja na kware ndani yake, lina uzito mdogo kiasi kwamba mtoto hulibeba kwa kidole.

Mlingoti nao una akili zake. Zamani ulikuwa mti wowote mrefu uliopatikana. Sasa ni mkaratusi, unaokua wima na haraka. Gome huondolewa lote ili nyoka na panya wakose pa kushika, na kimo cha kiuno cha mtu hufungwa kipande cha bati laini kinachouzunguka, kwa ajili ya kanu na nguchiro. Chini humwagwa majivu mengi. Adui anayeogopwa kuliko wote si mwewe, ni siafu. Mwewe huja mchana, ukamwona na kumfukuza. Siafu hupanda usiku, kimya, na waitaji waliofungiwa hawana pa kukimbilia. Khotsa huyabadilisha majivu kila mvua inapoyasomba, hata kama ni usiku wa manane.

Na kwa kuwa waitaji wanahitaji kulishwa kila siku, mlingoti hauchimbiwi ardhini. Vinachimbiwa vigogo viwili vifupi, na mlingoti husimama katikati yao ukiwa umetobolewa mahali pawili. Kigingi cha chini ndicho unachozungukia, cha juu ndicho kinachoufunga. Ukichomoa cha juu, mtu mmoja anaweza kuulaza taratibu, akawahudumia ndege, akausimamisha tena. Kila tundu hufungwa kwa kamba mbili, ya juu na ya chini, ili upepo usilizungushe. Ndege anayezungushwa hushika vijiti na kusahau kuita. Mvua ya Kakamega hupenda kunyesha alasiri, tena kwa ngurumo na mara nyingine mvua ya mawe, kwa hiyo baada ya chakula cha mchana mlingoti hulazwa na matundu kuingizwa ndani, na jioni hupandishwa tena. Msimu mzima kazi ni hiyo: kulaza, kulisha, kukausha, kusimamisha.

Kwa nini juu hivyo? Sauti inayotoka usawa wa nyasi humezwa na nyasi zenyewe, na majani ya mahindi na miwa huimaliza kabla haijafika mbali. Ikipandishwa juu ya hayo yote husafiri bila kuzuiwa, kuelekea pembeni na kuelekea angani. Alfajiri hewa imetulia na kelele za watu bado hazijaanza. Ni saa hiyo ndege waliosafiri usiku wanatafuta pa kutua kabla ya mwanga. Mtegaji mzuri huweka mlingoti mahali palipo wazi, kwenye mgongo wa mteremko, mbali na miti mikubwa na mbali na upande wa msitu. Tena huacha uwanja wa nyasi fupi upande ambao upepo unaelekea, kwa sababu ndege hutua akiukabili upepo na anahitaji nafasi ya kushukia.

Hilo la upepo linajulikana mbali sana na Khayega. Wawindaji wa bata huko Marekani hupanga bata wao wa bandia juu ya maji na kuacha pengo katikati, upande unaofaa wa upepo, ili bata wa kweli aone pa kushukia. Mwaka 1924, ndani ya pango la Lovelock katika jimbo la Nevada, wanaakiolojia walichimbua bata wa bandia 11 waliotengenezwa kwa matete yaliyofungwa kwa ustadi, wengine wamepakwa rangi na kuvikwa manyoya. Umri wao ni takriban miaka 2,000. Nikiona picha zao naona mikono inayofanana na ya khotsa, matete yale yale, mafungo yale yale ya kubana. Baadaye ufundi ule ukawa wa mbao. Elmer Crowell wa Massachusetts alichonga bata na ndege wa pwani kwa uzuri mkubwa hata mwaka 2007, miaka mingi baada ya kifo chake, kazi zake mbili ziliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 1 kila moja. Wamarekani nao waliwahi kutumia bata hai waliofungwa mguu, waite wenzao, mpaka serikali yao ilipopiga marufuku jambo hilo mwaka 1935 kwa sababu bata walikuwa wanakwisha.

Siku hizi wana bata wa plastiki anayesimamishwa juu ya mti, mwenye mabawa yanayozungushwa na mota ya betri. Bawa lina upande mweupe na upande wa giza, likizunguka hupepesa mwanga, na bata aliye mbali huona kundi linalotua. Linafanya kazi, tena vizuri mno kiasi kwamba majimbo kama Washington na Oregon yaliamua kulikataza. Silidharau, anayelisimamisha naye lazima ajue upepo, jua na kimo cha maji. Lakini mota haihitaji kushiba wala kutulia. Ukibonyeza kitufe inazunguka, hata kama mwenye nayo ni mtu mzembe. Mwitaji wa isindu hamwitikii mzembe, na mimi hapo ndipo ninapoupenda mlingoti wetu zaidi.

Matanzi sitayakalia sana, ingawa wengi wakisikia mtego huuliza hayo kwanza. Kware akishatua hutembea, na hupenda kutembea kwenye vijia vyembamba ndani ya nyasi. Mtegaji hufungua vijia hivyo kwa mikono, upana wa ndege tu, vyote vikielekea kwenye mlingoti, na katika kila kijia huweka kitanzi cha singa za mkia wa ng'ombe zilizosokotwa, kimo cha kifua cha ndege, kimefungwa kwenye kigingi. Singa nyeusi ni bora, maana hazing'ai mwanga wa alfajiri ukizipiga. Vijana waliokuja baadaye walitumia uzi wa nailoni wa wavuvi. Unashika vizuri zaidi, na pia unakata mguu.

Matanzi ya khotsa yamekunjwa na kutundikwa ndani ya nyumba, juu ya mlango wa chumba cha kulala. Ana kibali cha kufuga kware, alichokiomba zile siku za vurumai ya mayai, na hategi tena. Kware wa porini yuko chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na khotsa ni mtu wa kuheshimu karatasi. Lakini sidhani kama ni karatasi peke yake iliyomfanya ayatundike. Vurumai ile wengi tunaikumbuka. Mwaka 2013 uvumi ulienea Kenya nzima kwamba yai la kware linatibu kisukari, shinikizo la damu na karibu kila ugonjwa. Watu walikopa, wakauza ng'ombe, wakajenga vibanda na kununua kware wa Kijapani, wale wa kufugwa. Huduma ya Wanyamapori ya Kenya ikadai leseni, foleni zikawa ndefu. Mwaka uliofuata bei ilianguka, wateja wakatoweka, na mtu aliyekuwa na mamia ya ndege hakuwa na wa kumpa hata bure. Katika miezi ile, asema khotsa, waliofika kwake wakitaka kujifunza walikuwa wengi, na hakuna aliyeuliza habari za sauti. Wote waliuliza habari za mayai.

Linalomsumbua zaidi ni nyasi. Mashamba yamegawanywa kwa wana na kwa wana wa wana. Palipokuwa na wimbi na malisho pana nyumba, miwa na mikaratusi. Kware hahitaji msitu, anahitaji uwazi wenye nyasi za kumficha, na uwazi huo Khayega umebaki vipande vipande. Bado wanapita. Najua wanapita kwa sababu nimewasikia wakijibu, na mtu akiwahi kumsikia kware wa porini akimjibu mwitaji kutoka kwenye shamba la jirani, sauti mbili zikipishana gizani na kukaribiana, ataelewa kwa nini mzee asiyetega bado anahangaika na majivu usiku wa manane. Wasomaji wa Biblia wanawakumbuka kware walioifunika kambi ya Waisraeli jangwani jioni, na Waislamu wanajua habari za manna na salwa. Katika habari zote mbili kware hufika kama zawadi, kutoka angani, bila kukimbizwa. Khotsa, ambaye ni mzee wa kanisa, huona kwamba mlingoti hauna tofauti kubwa na hilo: mtu husimamisha, kisha hungoja apewe.

Mwanafunzi anaye mmoja, kijana fundi wa kuchomelea mwenye karakana yake karibu na stendi. Amekuja kwa hiari yake, na ana masikio. Ugomvi wao ni wa matundu. Kijana ametengeneza tundu la waya, jepesi, imara, ambalo panya hawezi kulitafuna na mvua haiwezi kulipinda, na hasemi uongo akisema litaishi miaka ishirini. "Tundu lako linaimba," khotsa alimwambia, na akampeleka nje upepo ulipokuwa ukivuma asikie: waya ulikuwa ukitoa mlio mwembamba mfululizo. "Isindu akisikia hiyo ananyamaza, anafikiri kuna kitu." Kijana hakubishana. Aliondoka nalo, akavizungushia vijiti vyote vya waya uzi wa katani, akarudi baada ya wiki kadhaa. Mlio ulikuwa umekwisha. Khotsa akalikagua: nafasi ni sawa, mlango ni sawa. Akageuza mafundo kwa kidole na kukuta yote yako nje. Akaingiza mkono, akaguna. Dari ilikuwa ya waya.

Wamebishana juu ya dari hiyo mpaka mvua zilipoanza. Mimi naona kijana ana haki ya kujaribu waya kila mahali isipokuwa hapo, na mwishowe naye aliikata mwenyewe kwa koleo, akasuka wavu wa mgomba huku khotsa akimwelekeza na kumfumulisha kila anapokaza mno. Mlingoti wa msimu huu una matundu ya aina zote mbili. La waya ni la tatu kutoka juu, mahali ambapo khotsa huwaweka ndege ambao bado hajawaamini.